Koti la Mwenyekiti wa Josho

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Bila mimi Mungaa isingekuwa na ng'ombe hata mmoja. Serikali ilipojitoa kwenye majosho tukaambiwa tujitegemee, nani aliitisha kikao? Mimi. Leo nimekagua ule ufa wa josho tuliouziba. Saruji imeshika. Jumamosi tunafungua.
Vijana walivua mashati wakachapa kazi. Mimi nilibaki na koti, jua lote lile. Nikawaambia mwenyekiti havui.
Sababu naijua. Nina matiti. Si unene. Matiti. Yalianza nilipoanza vidonge vya vidonda vya tumbo. Watu nimewaambia ni kifua cha kubeba mafahali. Nataka yatoke.

Jumatano, 6 Agosti
Singida Mjini, hospitali. Nimekwenda kwa bima ya mama Elia, mke wangu. Ni mwalimu, wanamkata kwenye mshahara, na mimi nimo.
Daktari kijana, ila ana adabu, kaniamkia. Njia ziko tatu. Kuacha vile vidonge na kungoja. Akaminya, akasema nyama imeshakomaa, haitarudi. Kunyonya mafuta kwa mashine. Hiyo mpaka Dar, na bima haihusiki. Au kupasua chini ya chuchu, nyama yote itoke, hapa hapa. Nimechagua kisu.
Akauliza yanauma? Nikamweleza nilivyong'olewa gego bila ganzi nikarudi Mungaa kwa miguu. Siumwi mimi. Akacheka, akaandika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nililala kwa shemeji. Asubuhi ofisi ya bima. Binti wa dirishani kasoma maandishi ya daktari.
"Mzee, hapa wameandika hayaumi. Kama hayaumi ni urembo. Urembo hatulipi."
Mimi. Urembo. Foleni nzima imesikia. Nikamwambia wakubwa wake nakula nao. Akasema, "Basi nisalimie." Mjinga yule.
Nikilipa mwenyewe nauza zizi lote. Mwenyekiti wa josho asiye na ng'ombe.
Nyumbani mama Elia hata pole hakunipa. "Na ukigeuka kitandani nani huwa anaguna? Mimi?" Nikamwambia naota simba. Nimekasirika. Sijala.

Jumamosi, 9 Agosti
Ufunguzi. Hapa kwetu ng'ombe wa kwanza anasukumwa na mwenyekiti, kifua wazi, dawa imrukie na yeye. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Sikuvua. Mzee Mughenyi akapaza sauti, "Mwenyekiti, unaona baridi?" Wakacheka, mpaka wanawake.
Nikamkumbatia ng'ombe ili nimsukume. Fahali mweusi, nundu kama kichuguu, pembe pana. Akakurupuka. Kichwa kikanipata titi la kushoto. Nilikaa chini. Machozi yalitoka. Nikasema dawa imeingia machoni. Dawa yenyewe ilikuwa bado mbali.
Mughenyi alimalizia kusukuma. Kifua wazi.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisani. Siwezi kufunga vifungo. Mama Elia kanikanda kwa maji ya moto.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimerudi kwa daktari. Nimesema yanauma. Baiskeli ikirukaruka yanauma. Shati likigusa yanauma. Toka mwaka juzi. Nilikuwa natazama ukuta. Kaangalia palipovimba, kaandika upya. Safari hii hakucheka.

Jumanne, 19 Agosti
Bima wamekubali. Yule yule binti kagonga muhuri. "Pole, baba." Habari za wakubwa wake sikuzigusa.
Sasa naogopa kisu. Mungaa nimewaaga kwamba kile kichwa cha ng'ombe kimenivunja mbavu.

Ijumaa, 29 Agosti
Wodini. Wamepasua jana. Nimefungwa bandeji kifua kizima. Panavuta, lakini pako tambarare. Nimepapasa mara nyingi. Mama Elia kaleta uji wa ulezi. Koti kaliacha nyumbani, kasema la nini.
Jirani wa kitanda, mchuuzi wa kuku kutoka Ulemo, kaniuliza nimepatwa na nini. Nikaanza na fahali. Nikafika kwenye nundu, nikachoka. Nikasema matiti. Akasema pole, akageukia ukutani akalala.
Yule fahali alikuwa ndama. Jike. Hata pembe hajaota.