Miwani ya Kuchomelea

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimeosha miwani ya binti yangu, ile nyeusi anayovaa akichomelea vyuma. Masizi matupu! Nimeisugua kwa waya wa masufuria mpaka ikatakata. Sikumwambia. Nimeirudisha tu kwenye mkoba wake wa kazi.

Jumatano, 5 Juni
Karudi macho mekundu kama pilipili. Nikamuuliza, miwani ulivaa? Ati alivaa. Muongo! Jirani fundi baiskeli kamwona kaipandisha kwenye paji la uso, cheche zinaruka. Nikamsema, lakini kwa upole. Mwanangu, macho hayana spea. Kacheka, kasema nimesikia, mama. Moyo wangu haujatulia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda karakana mwenyewe. Kufika tu, mafundi wanapiga kelele — Mama Miwani kaja, jifunikeni! Nikamvuta pembeni, ingawa wote masikio wameyatega. Nikamwambia, mimi sikusemi kwa kukuchukia. Asiyekupenda atakuangalia tu unavyotumbukia shimoni. Akawa ndiyo mama, ndiyo mama, anatazama chini. Hakujitetea hata neno. Na mtoto huyu tangu udogo mdomo wake ni cherehani! Nimerudi nimefurahi. Nikasema leo limemwingia.

Ijumaa, 7 Juni
Wamemleta wamemshika mkono. Macho hayafunguki, machozi yanachuruzika, anasema kama yamejaa mchanga. Nesi wa zahanati kampa dawa ya matone. Akae gizani, kesho arudi waangalie kama ndani hakukuungua. Ee Mungu.

Fundi mkubwa aliyemleta kanipa mkoba. Kasema, Mama Miwani, hiki kioo cha miwani tutakibadilisha, kimekwaruzwa chote. Binti haoni anapounga, ndiyo maana anakipandisha. Sijui nani kakiparuza.

Nimekwenda nacho dirishani. Mikwaruzo ya duara duara. Ni mkono wangu ule. Hivyo hivyo nasugua sufuria.

Kumbe yeye alijua! Na jana nimemsema mafundi wote wanasikia, kanyamaza.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamuuliza, mbona hukunigombeza?
Kasema, wewe ukisemwa unalia, mama.
Silii. Nigombeze.

Akapapasa kwa mkono, macho kafunikwa kitambaa cha maji, akakipata kiwiko changu. Akaanza polepole, kama mimi ninavyomsema yeye. Mama. Mama yangu. Kioo hakisuguliwi kwa waya. Maji na kitambaa laini, basi. Na ukitaka kugusa vitu vyangu, niulize. Umesikia?

Nimesikia, mwanangu.

Nikamwambia kitambaa kimepata joto, ngoja nikakiloweshe tena.

Niko jikoni naandika. Kitambaa bado baridi kabisa. Ananiita huko chumbani — mama, unalia?