Marehemu Hatakuja Mwaka Huu

Mwaka umekatika, Evodius, tangu asubuhi ile ya mvua ulipomwomba mkeo chai, na chai ikapoa bila mnywaji. Watu wanatuuliza kama na sisi tumeanza kupoa. Kwa heshima yao tunajibu kwamba tunamshukuru Mungu. Lakini wewe ulikuwa hudanganyiki, kwa hiyo tunakwambia ukweli mbele ya wote watakaosoma hapa: bado tunakulilia, na juu ya kukulilia tuna hasira.

Hasira yenyewe tutaieleza. Kwanza acha tukutaje ulivyokuwa, maana wapo waliojiunga na Undugu juzijuzi wanaodhani mashindano yetu ya bowling, mchezo huu wa kubingirisha mpira, yalishuka kutoka mbinguni yakiwa na ratiba na kombe.

Uliyaanzisha wewe. Undugu wetu ulikuwa chama chetu tulioko Uingereza, cha kuuguzana na kuzikana. Tulionana hospitalini, kanisani na misibani, tukapeana pole, tukatawanyika. Siku moja ukauliza, "Hivi sisi lazima afe mtu ndiyo tuonane?" Ukatafuta ukumbi wa bowling, hapa hapa upande wetu wa Lewisham. Kisha ukapiga simu Barking, Hayes, Reading, Leicester, hadi Manchester, mtu mmoja mmoja, ukitoka kuendesha basi na koti la kazi bado liko mwilini. Tangazo lako la kwanza lilisema, "Jumamosi baada ya Pasaka, wote tukaangushe chupa," kwa kuwa vile vitu vyeupe vinavyopangwa mwisho wa njia wewe uliviona kama chupa. Akina mama wa maombi wa Barking wakafunga siku nzima kukuombea uache pombe. Wewe, ambaye bia moja ilikuwa inakulaza kwenye kochi! Tangu siku hiyo Undugu mzima unaziita chupa.

Halafu soksi. Viatu vya bowling ni vya kukodi, huwezi kuingiza mguu mtupu, na ndugu zetu walikuja na makubazi yao bila wasiwasi wowote. Ukaanza kutembea na mfuko wa soksi safi. Mama mkwe wa mtu akisimama anashangaa, wewe ulikwisha kupiga magoti mbele yake unamchagulia jozi. Mkeo Elieshi ndiye aliyezifua na kuzikunja, huku akilalamika kwamba wenzake wameolewa na wanaume, yeye ameolewa na duka la soksi. Mfuko huo uko chini ya ngazi mpaka leo, na soksi zimekunjwa.

Elieshi mwenyewe hakuwahi kutupa mpira hata mmoja. Kazi yake ilikuwa pilau, tena la kuliwa kwenye maegesho ya magari, kwani ukumbi haupokei chakula cha nje. Kila mwaka ulimfuata pale penye sufuria ukamsihi, "Mama Angel, njoo utupe mmoja tu, nione." Kila mwaka alijibu, "Mimi na mpira huo wapi na wapi? Kwanza wewe mwenyewe hujui." Na kweli ulikuwa hujui. Mwandaaji wa mashindano ya nchi nzima, mpira wako ulikuwa hauna njia nyingine isipokuwa mtaroni, pembeni mwa njia. Ulikuwa unatupa, unageuka na kutupungia mkono kabla haujafika, kwa kuwa ulishajua unakokwenda.

Jambo tunalotaka watu wasilisahau ni la mwaka wa pili. Alifariki mama yake Déogratias, rafiki yako Mrundi ambaye hakuwa na jamaa mwingine London zaidi ya mama huyo na Undugu. Bibi yule alikuwa ameshapangwa kuchezea Lewisham. Mtu mmoja akasema jina lake lifutwe, zamu ipite. Ukakataa katakata. "Zamu ya mtu hairukwi kwa sababu amekufa," ulisema. Ukaenda mapokezi ukaomba kwenye skrini ya njia yetu waandike MAREHEMU. Ilipofika zamu, Déogratias akamtupia mama yake, akaangusha chupa nane, akacheka na kulia kwa pamoja, na watu wazima tukageuza nyuso kufuta macho. Ikawa ndiyo desturi. Tawi lililofiwa mwaka huo linaweka MAREHEMU kwenye njia yake, na wa karibu yake anamtupia.

Mapokezi alikuwepo binti wa Kihindi, Deepa. Bibi yake alizaliwa Arusha, naye amerithi Kiswahili cha jikoni: leta chumvi, funga mlango, iko moto. Neno la msiba hakuna aliyemfundisha. Basi kila mwaka aliliona jina lile, mara njia ya Hayes, mara ya Leicester, akaamini Marehemu ni mchezaji mmoja maarufu anayegombaniwa na matawi. Siku moja akatangaza kwa kipaza sauti, ukumbi wote ukasikia, "Mr Marehemu, please come and collect your shoes!" Tuliishiwa nguvu kwa kicheko. Mzee mmoja wa Leicester akapiga kelele, "Dada, huyo akija tunakimbia wote!" Wewe ndiye uliyemfuata Deepa pembeni ukamweleza maana yake. Alipoanza kulia kwa aibu, ukamwambia aendelee kumwita vilevile, maana kuitwa ni heshima. Akakuuliza Marehemu anavaa saizi gani. Ukamtajia yako, kumi. Tangu hapo kila mwaka viatu saizi kumi vinawekwa kaunta, na Marehemu anaitwa.

Sasa sikia ya mwaka huu.

Mwenyekiti wetu mpya ni Noel wa Reading. Unamfahamu vizuri kuliko sisi. Amepata mdhamini, mtu wa kusafirisha mizigo kwenda nyumbani, na kwa ajili ya mdhamini huyo kila kitu lazima kiwe cha kisasa. Fulana mpya, mpiga video, bango lenye picha ya Noel. Kwenye hotuba alisema mashindano haya "tumeyajenga kutoka sifuri." Tumeyajenga! Jina lako hakulitaja kwenye kujenga. Alilitaja kwenye dakika ya ukimya, nayo aliiitisha katikati ya muziki, njia ya jirani kukiwa na sherehe ya kuzaliwa ya watoto. Tukainamisha vichwa huku mipira inanguruma na watoto wanashangilia. Hata dakika yenyewe haikufika mwisho, mpiga video alimfanyia ishara Noel kwamba inatosha.

Elieshi alivumilia. Alikuwa amekuja na mfuko wako wa soksi, amekaa na binti yenu Angel nyuma ya wachezaji wa Lewisham, macho kwenye skrini. Alijua kwamba mwaka huu marehemu wa Lewisham ni mmoja tu. Alikuwa amejiandaa kuliona neno lile. Majina yakatokea, Déogratias, mdogo wako Deus na wengine, na chini ya jina la mwisho hapakuwa na kitu.

Akadhani ni kosa la mashine. Akaenda mapokezi na Angel nyuma yake, akamkuta Deepa anabishana na mwenyekiti. Deepa alikuwa ameshika viatu saizi kumi, anauliza kwa Kiingereza Marehemu yuko wapi, mbona njia ya Lewisham hayupo. Noel, bila kugeuka, bila kujua nani amesimama nyuma yake, akajibu kwa kifupi kama mtu anayefukuza nzi.

"Marehemu hatakuja mwaka huu."

Evodius, mkeo ni mpole. Mtu akimkanyaga kwenye treni, yeye ndiye anayeomba radhi. Lakini wale waliokuwa karibu wanasema sauti iliyotoka hapo hawakuwahi kuisikia.

"Hatakuja? Nani kakutuma useme hatakuja?"

Noel akageuka. "Shemeji! Aah, shemeji, pole sana, sikukuona. Usinielewe vibaya. Ni kwamba sponsor hataki lile jina lionekane kwenye video. Si unajua, hii ni fun day, tusiifanye msiba. Na tumeshafanya minute of silence."

"Ukimya? Mume wangu alikunyamazia lini, Noel? Baba yako alipofariki, ulikuwa wapi?"

Noel akamtazama mpiga video.

"Nakuuliza. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani. Tulikuwa tunamzika mzee."

"Na hapa nani alimtupia?"

Waliokuwa pale kaunta wakasogea karibu. Wote tunakumbuka. Tawi la Reading lilikuwa limesema mzee yule hakuwa hata mwanachama, kwa hiyo zamu haimhusu. Wewe ukasema baba wa ndugu yetu ni baba yetu. Ukaomba MAREHEMU aandikwe kwenye njia yao, ukamtupia mwenyewe, ukapata sifuri, ukamwomba mzee msamaha kwa sauti. Angel akarekodi, ukamtumia Noel kule Moshi. Noel alikupigia simu analia, anasema video ile ameionyesha kwa mama yake mara nyingi, ndiyo iliyomchekesha mama huyo kwa mara ya kwanza tangu wamzike mzee. Leo huyo huyo analionea haya jina lako kwenye video.

"Shemeji, hiyo ilikuwa tofauti," akasema.

"Tofauti gani? Kwamba wa kwako alikuwa mtu, wa kwangu anaharibu picha?"

Noel akatazama saa. Akamgeukia Deepa, akamwambia kwa Kiingereza waendelee, muda unakwenda. Hapo ndipo yule binti, ambaye si wa damu yetu wala wa chama chetu, aliposogeza viatu juu ya kaunta hadi mbele ya mkeo, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Auntie, mimi hapana toa yeye. Jina iko kwa computer, mimi naficha tu sababu chairman nasema. Wewe nasema rudisha, mimi narudisha."

"Rudisha," akasema Elieshi.

Nyuma yao Déogratias alikuwa ameshaweka mpira wake chini. Deus akaweka wa kwake. Akasema hapigi mtu mpaka kaka yake apige. Hayes wakaona, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakakaa. Barking wakakaa, wale akina mama waliokuombea uache pombe wakiwa wa kwanza. Mpiga video akabaki hana cha kupiga ila watu waliokunja mikono. Ndipo kipaza sauti kikalia, na Deepa akasema yale maneno yake ya kila mwaka, kwamba Mr Marehemu aje achukue viatu vyake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walidhani Angel ndiye atakayekutupia, na yeye mwenyewe alikuwa ameshanyoosha mkono. Elieshi akavichukua viatu. Akakaa kwenye benchi, akafungua mfuko, akavaa jozi mbili za soksi zako, moja juu ya nyingine, na bado miguu ikacheza ndani ya saizi kumi.

"Mum, you don't even bowl," Angel akamnong'oneza.

"Baba yako naye alikuwa hajui. Nishikie mkoba."

Akasimama na kitenge chake na viatu vyako vinavyoburuza. Mpira akaushika kwa mikono miwili kama anavyoipua sufuria. Akatembea hadi kwenye mstari, akainama, akausukuma. Ulikwenda taratibu sana, tukapata muda wa kuomba. Ulifika karibu kabisa na katikati, Evodius, tunaapa. Halafu ukapinda, ukachagua upande, ukadumbukia mtaroni. Na mkeo, ambaye hakuna aliyemfundisha, alikuwa ameshageuka anatupungia mkono.

Skrini ikaandika: MAREHEMU, sifuri.

Njia zote zikasimama kukupigia makofi. Hata wale watoto wa sherehe ya jirani walipiga, bila kujua ni nani. Noel hakupiga, na tumeliandika hapa ili naye alisome. Tumesikia kwamba kamati itakaa kulifuta jina hilo mwaka ujao. Ikae. Sisi tutakuwa pale Jumamosi baada ya Pasaka, na Elieshi amesema anaanza mazoezi, ingawa anakuhakikishia kwamba hatajaribu kukuzidi.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, na baada ya misa kuna pilau nyumbani, ndani, si kwenye maegesho. Wanachama wote wanakaribishwa. Mwenyekiti naye anakaribishwa, kwa kuwa hukuwahi kumfungia mtu mlango. Akija bila soksi, tutampa.

Unakumbukwa na mkeo Elieshi. Binti yako Angel, anayetujibu kwa Kiingereza lakini kukulilia anakulilia kwa Kiswahili. Mdogo wako Deus na familia yake, hapa Lewisham. Dada yako Jennifer, Bukoba. Rafiki yako Déogratias. Na Deepa, aliyeomba mwenyewe aandikwe pamoja na ndugu.

Pumzika, Baba Angel. Maadamu yupo mmoja wetu mwenye mkono wa kusukuma mpira, utaitwa, viatu vyako vitakuwa kaunta, na zamu yako haitarukwa.