Leo Hakuna Kikombe

Baba Nasra,

Nilitaka nianze kwa kukuuliza hali, kalamu ikanigomea. Mtu aliye chini ya udongo anaulizwa hali gani? Basi nakuletea salamu, dua na lawama. Lawama ndizo nyingi, nisikufiche. Mungu anisamehe.

Nakuandikia nikiwa edani. Nimekaa kwenye mkeka chumbani kwetu, dirisha la upande wa barabarani liko wazi, na malori ya hapa Ipogolo yanapiga honi kama vile hakuna aliyekufa. Kaburi lako sijaliona. Waliokuzika wameniambia liko mkono wa kushoto ukiingia, karibu na mkaratusi, nami nalijua hivyo hivyo kwa kusimuliwa. Eda ikiisha nitakuja nilione kwa macho yangu. Kwa sasa acha nikueleze yaliyotokea nyumbani kwako tangu ulipoondoka. Ulikuwa na muda wa kusikiliza habari za kila mtu kuanzia hapa hadi Mbeya. Leo sikiliza zangu.

La kwanza, msiba wako nimeukatazia kahawa.

Yule muuza kahawa wa karibu na msikiti alikuja na birika lake na vikombe vyake, kama anavyokuja kwenye kila msiba wetu hapa mjini. Wanaume chini ya turubai wakajiweka sawa kupokea. Nikatuma mtu akamwambie arudi zake. Alidhani amekosea nyumba, maskini. Kaka yako akaja hadi mlangoni: "Shemeji, matanga gani hayana kahawa? Watu watatusema." Nikamjibu nikiwa ndani na wanawake wenzangu: "Wacha waseme. Kilichomuua hakiingii nyumbani kwangu." Wakakaa na maji na maandazi, wananong'onezana kwamba mjane amechanganyikiwa.

Wakaja na wale wakulima wa milimani kule Mbeya, uliokuwa ukiwapiga picha wakiwa shambani. Hawa si wa dini yetu, na kutoka kwao hadi huku ni safari, lakini walikuja. Mama mmoja mtu mzima alibeba buni kwenye kiroba, ndiyo rambirambi yao, maana wao walikujua kwa kahawa. Nikaamuru kiroba kibaki nje. Mvua ikakinyeshea pale pale, na yule mama anakitazama tu. Afadhali angenitukana.

Wewe unajua hasira ile ilitoka wapi. Ilianza tangu mgongo ulipokushinda kuendesha malori ukafungua duka la spea, ukaona duka halikutoshi, ukaanzisha hiyo blogu yako. Kikombe cha Leo. Kila siku picha ya kikombe cha kahawa kimewekwa mahali fulani, na chini yake kisa cha mahali hapo. Kikombe juu ya bampa la lori Igawa. Kikombe kwenye magunia ya mchele Rujewa, mashine zinakoboa nyuma yake. Kikombe katikati ya mibuni, na maneno yako ya mzaha kwamba wenye mibuni wenyewe nyumbani wanakunywa chai ya maziwa. Mwanzoni niliipenda, kwa kweli. Nilikuwa nawasomea wateja wangu wa khanga dukani, tunacheka hadi mtu anasahau alichokuja kununua.

Kisha ukawaahidi wasomaji kwamba haitapita siku bila kikombe. Nani alikutuma? Hakuna aliyekushikia panga. Tangu hapo nyumba hii ikawa na mke mwenza asiyelala wala kusafiri. Idi pilau inapoa kwa sababu unatafuta mwanga mzuri wa picha. Siku ya mahafali ya Nasra, kabla hujamkumbatia mtoto, uliweka kikombe juu ya cheti chake. Na mama yangu alipofariki, kaka yangu aliyeko Tanga alizipata habari kwenye blogu yako kabla sijapata nguvu ya kumpigia simu. Alinipigia yeye, analia, ananiuliza kama ni kweli. Ulisema uliandika kwa mapenzi. Najua. Ulimwandika mama vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Lakini nilikuwa nimekaa chumba cha pili, Baba Nasra, na nilikuhitaji pale.

Nikikuita kula unajibu, "Namalizia tu." Kulala, namalizia tu. Uliamka kabla ya adhana ya Alfajiri ili uandike, ukaendelea baada ya Isha kuwajibu watu maoni yao, na katikati kahawa, na kahawa, na kahawa. Nikiweka mkono kifuani kwako nasikia moyo unakimbia na wewe umelala chali unaangalia dari.

Ndipo tukaenda kwa daktari. Alikupima presha, akapima tena. Akakupa dawa. Akasema kahawa upunguze sana, na usiku ulale. Ukamwitikia kwa adabu zote, na tulipotoka nje ukapiga picha ya lango la hospitali.

Mimi nikashika hilo moja la kahawa, kwa sababu ndilo niliweza kulishika kwa mikono. Usingizi wa mtu mwingine utaushikaje? Kila asubuhi nikawa nakujazia chupa chai ya rangi yenye tangawizi. Unaipokea, unatabasamu, unaondoka. Chupa inarudi tupu, na kwenye blogu kikombe ni kile kile, na kilichomo ni cheusi tii. Nikasema moyoni, huyu anaimwaga njiani. Sikukuuliza. Nilikaa na kinyongo changu, na siku walipoleta mwili wako kutoka Igawa, kinyongo kikapata pa kutokea. Muuza kahawa wa watu akakipokea.

Sasa sikiliza la pili.

Siku ya hitma alikuja mama mmoja mnene, mpole, Mama Sekela, yule anayeuza chai na chapati Igawa. Alikaa pembeni mpaka wanawake wengi walipoondoka, akasogea kwenye mkeka wangu. Alisema hivi, na sitayasahau maneno yake: "Mama, naomba nikuambie kitu usije ukanichukia. Yule mzee kahawa alishaachaga zamani. Alikuwa anakuja na chai yake ya kwenye chupa, anamimina kwenye kikombe ya kahawa, anapiga picha. Sisi tunamcheka, tunasema mzee unawadanganya watu. Anasema, mke wangu ndo kapika, nikimwaga ataniuliza na macho yake."

Baba Nasra. Ulikuwa unakunywa.

Ungeniambia ungepungukiwa nini? Au uliona ukikiri nitatamba kwamba nimekushinda? Ningetamba kweli. Ningetamba wiki nzima, na wewe ungekuwa unanuna pale mezani, ningefurahi mno.

Mama Sekela hakuishia hapo. Alisema siku ile ulifika umechoka, ukamimina chai, ukapiga picha, ukaanza kuandika. Kidogo akaona umelaza kichwa mezani, simu mkononi. Alifurahi. Alijua hulali, pale Igawa wote walijua. Akachukua kitenge chake akakufunika mabega, na wateja walipoleta kelele aliwakemea: "Mwacheni mzee apumzike." Watu wakala, wakalipa, wakaondoka, na wewe umefunikwa pale. Mpaka alipokuja kukuamsha ili ule.

Alilia hadi akashindwa kukaa. Ananiuliza kama angekutikisa mapema ungepona. Mimi najua nini? Nilimshika tu. Nilimwambia ningekuwa mimi ningekufunika vile vile, na ni kweli, ningekufunika na ningefunga na mlango.

Nikamuita jirani yetu Sista Tumaini, maana ndiye nesi ninayemwamini. Nilitaka aniambie kahawa ndiyo iliyoua, hata kama uliiacha, kwamba ile ya zamani ilibaki mwilini. Akanitazama kwa huruma. "Dada, kahawa siyo sumu. Mtu mzima wa afya anakunywa kidogo, anaendelea na kazi zake. Mwenye presha anapunguza, ni kweli, maana inaupeleka moyo mbio na inamfukuzia usingizi. Lakini shem alikuwa halali usingizi kabisa, na vidonge anasahau. Hata ungempa maji matupu, mwili unataka kupumzika." Kesho yake nilimtuma mtu kwa muuza kahawa kumwomba radhi. Kile kiroba cha buni nilikiingiza ndani, lakini kilikuwa kimeshaota ukungu. Sijui nitamwambia nini yule mama wa milimani.

Sasa la tatu, na hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Nasra alitoka chuoni Mbeya kuja kukuzika. Simu yako ilipofika na vitu vyako, aliifungua, akakuta wasomaji wanauliza leo kikombe kiko wapi. Akamalizia ile habari uliyoacha katikati, akaandika chini kwamba baba amefariki. Watu wakamwaga pole zao, madereva, walimu, walioko nje ya nchi. Nililia kuzisoma. Nikadhani yameisha. Kesho yake akaandika tena, alivyokukumbuka. Kesho yake tena. Kisha akaanza kutoka na kikombe chako kwenye mkoba. Mara Rujewa, mara Igawa, mara sokoni mjini, na mimi niko edani, siwezi kumfuata hata hadi stendi. Chuo kikafunguliwa, wenzake wakarudi, yeye akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo imepita, na nyingine, na nyingine.

Na anaandika vizuri, shida ndiyo hiyo. Ana mkono wako. Watu wanamsifu, "damu ya mzee haipotei," na kila sifa inamfunga kamba nyingine. Amekonda. Anakula amesimama. Kahawa hanywi hata tone, ananionyesha kwa fahari: "Mama, ona, ni maji." Kana kwamba hilo ndilo ninalolilia mimi.

Juzi, jua limeshatoka, niliingia sebuleni nikamkuta ameketi mezani. Amelaza kichwa. Simu mkononi.

Sijui nilipitaje kile chumba. Nilimshika mabega nikamtikisa kwa nguvu zangu zote, napiga kelele, hadi Sista Tumaini akaja mbio na povu la sabuni mikononi. Mtoto akafumbua macho, amekasirika, ana alama ya kitambaa cha meza shavuni. Akaniambia: "Mama, jamani. Namalizia tu."

Nilikaa sakafuni pale pale.

Nikamwambia aache. Siyo apunguze, aache. Nilidhani atanijibu habari za wasomaji, kama wewe. Hakutaja msomaji hata mmoja. Alisema: "Siku nikiruka, ndiyo baba atakuwa amekufa kweli."

Nikamwambia: "Amekufa kweli, mwanangu. Amekufa Igawa, mezani, na wewe hukuwepo na mimi sikuwepo."

Nilimwona anavyolipokea. Tangu msiba mtoto huyu hakuwa amelia, nilikuwa sijalitambua hilo, wote tulimsifu kwa ujasiri. Alilia siku hiyo kama mtoto mchanga, kamasi na vyote, nimempakata pale sakafuni mtu mzima ananizidi urefu. Nilikuchukia kidogo wakati ule. Nikisema sikukuchukia nitakuwa mwongo.

Jana hakuandika. Leo pia hakuna kikombe. Simu yako tumeizima, nimeiweka kabatini chini ya kanzu zako, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi. Anasema ataandika tena siku akiwa na la kusema, si kwa sababu kumekucha. Sijui kama ataweza. Sista Tumaini amekubali kumpandisha basi la Mbeya Jumatatu na kumkabidhi kwa dada yako. Nami nitabaki hapa peke yangu na honi za malori mpaka eda yangu iishe. Nyumba itakuwa kimya. Naogopa kimya hicho, Baba Nasra, mwenzio naogopa.

Sasa hivi yuko chumbani kwake amelala, na jua liko utosini. Nimeshaingia mara kadhaa kumwekea mkono mgongoni nione kama unapanda na kushuka. Unapanda. Anakoroma kidogo, kama wewe ulivyokoroma enzi zile bado ulikuwa unalala.

Naishia hapa, mkono umechoka. Lala, mume wangu. Lala usingizi ule wote ulioukopesha barabara. Dua zangu zitakufikia kila siku, na siku mimi nitakapoitwa nitakuja bila ubishi, tutanuniana huko huko hadi tuchoke. Lakini ninakuahidi jambo moja, na unanijua nikiahidi. Nasra simleti. Utamsubiri sana huyu. Utamsubiri hadi awe bibi kizee asiye na jino hata moja, na hata hapo nitakuwa nimesimama mlangoni, nakuuliza una haraka gani.

Mkeo,
Mama Nasra