Kalamu Iliyobaki Kalimoni

Kiganjo, Thika
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Dianah,

Kalamu ya Guka ilipotea Jumamosi, tarehe 18, kati ya saa nne asubuhi nilipokukabidhi na saa kumi na moja jioni ulipomtuma mtu wa boda na kasha tupu. Salamu zinafuata: u mzima? Watoto je? Mimi ni mgongo tu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu utalia, nami nitanyamaza. Ulitaka kuwatembeza watu ishirini na tisa wa kanisa lako waone njia ya wapigania uhuru: uwanja wa Thika wakoloni walipowachuja watu, shamba la kahawa la Ruiru alikofanya kazi Guka, babu yetu, kisha wazee wa Kalimoni. Nikakubali, na kalamu uende nayo waione. Nikawapa hata sufuria ya pilau ya watu hamsini. Kwa kalamu ile Guka aliwaandikia barua watu wa msituni, na kwa ajili yake akafungwa miaka mitano na miezi miwili. Picha yake hatuna. Tuna kalamu.

Karakana yangu nimeijenga bila msaada wa mtu, miaka kumi na tisa, na sijapoteza hata nati.

Nani aliishika mwisho?

Kaka yako,
Ephantus


Ruiru
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Kaka mpendwa,

Hatujambo. Watoto wanauliza mgongo wa mjomba. Paka ile dawa, na uache kubeba vyuma kama kijana.

Kalamu haikupotea. Wewe ndiwe uliyeniambia niiache! Tulikuwa Kalimoni kwa Nyina wa Njau, yule bibi mzee, cucu wa miaka tisini na moja. Ukapiga simu, nikaiweka spika. Nafuna, mgeni wetu wa kutoka Bungoma, ni shahidi. Ulisema, "Hiyo karamu waachie hao kina mama. Usirudi nayo." Nikauliza, "Una hakika?" Ukasema, "Dianah, mimi si mchoyo."

Nikalia pale pale. Nikasema kaka yangu ameokoka.

Tangu shule ya msingi, kalamu kwako ni karamu. Hata kwa Kikuyu chetu ni karamu. Ningejuaje kwamba siku hiyo moja umeamua kutamka Kiswahili sawasawa? Pilau nilirudi nayo. Tumeila siku tatu.

Lakini kuna jambo. Nilipoiweka kalamu mkononi mwake, yule cucu hakusema asante. Alisema, "Mmechelewa."

Nenda ukamsikilize.

Dada yako,
Dianah


Kiganjo, Thika
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Dianah,

Salama? Dawa nilipaka, mgongo umelegea. Nimenyamaza siku kumi na tano, nyingi za hasira.

Jana nilienda Kalimoni kuichukua. Nyina wa Njau aliniangalia kutoka viatu hadi kofia. "Wewe ndiwe wa karamu?"

"Ndimi, cucu."

"Mbona mimi sikuonja?"

Nyumba nzima ikacheka; kumbe ulishawasimulia. Nikakaa. Akanieleza polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Barua aliandika yeye, akiwa na miaka ishirini, kwa sababu misheni walimfundisha hadi darasa la nne. Guka alizibeba tu. Siku ya msako askari walipofika, Guka aliichukua kalamu kutoka kikapuni mwa msichana yule, akaitia mfukoni mwake. Miaka mitano na miezi miwili hakusema ni ya nani.

Nilitaka kubisha. Kisha nikakumbuka hati ya shamba iliyo kabatini mwangu. Guka alitia kidole gumba badala ya sahihi. Nimeitazama mara mia, Dianah, na mimi ndimi ninayejidai kujua hesabu. Mtu anayeandika barua za msituni hatii kidole.

Kalamu nimeiacha kwake. Si kwa makosa ya ulimi safari hii.

Nimekata bamba la chuma la kuwekwa langoni pake, wageni wako wakipita tena wasome ni nani aliyeandika. Jina lina nafasi ya herufi ishirini na mbili. Pale kila mtu anamwita Nyina wa Njau, yaani mama wa mwanawe, na kwetu humuulizi cucu jina lake usoni. Wewe una namba ya mjukuu wake.

Jina lake mwenyewe ni nani? Fundi wa kuchonga ananingoja hadi Ijumaa, tarehe 14, saa sita mchana. Sitaki hadithi. Niandikie jina, herufi kwa herufi, na uangalie vizuri ni wapi kuna r na ni wapi kuna l.

Kaka yako,
Ephantus