Redio Isiyo na Spika

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikitumaini wewe na cherehani yako mko wazima. Sisi huku hatujambo, ila Mama magoti yanamsumbua na lawama zote anamtupia aliyejenga ngazi. Yale mapazia uliyomshonea ameyatundika sebuleni, na kila mgeni lazima ayasifu kabla hajapewa kiti.

Juzi nilikaa na daktari wa akili, yule aliyekutibu tangu mwanzo. Usiniulize nilifuata nini, nitafika huko. Nilimwomba anieleze skizofrenia, ule ugonjwa wako, inatoka wapi, maana unajua Mama na marehemu Baba walivyobishana, kila mmoja akidai imetoka kwa ukoo wa mwenzake. Daktari akacheka. Alisema hakuna kinasaba kimoja cha ugonjwa huu. Kuna tofauti ndogondogo, mamia kwa mamia, tunazozirithi kwa baba na kwa mama, na moja peke yake haina uzito wa maana. Zikijikusanya nyingi kwa mtu mmoja, na maisha nayo yakiongeza yake, hatari inapanda. Ndugu wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, lakini wengi wao hawaugui kamwe. Kwa hiyo ule ubishi wa wazee umeisha sare, na Mama, anayejilaumu kimoyomoyo tangu uugue, hana kosa lolote.

Sasa nikwambie. Mwezi uliopita nilikuwa natengeneza redio ya kinyozi jirani. Mtangazaji akaanza kunisema, eti fundi huyu ni mwizi na wateja wote wanajua. Nilikasirika, nikakata umeme. Akaendelea. Nikang'oa spika nikaiweka mezani, na bado akaendelea, nami nimeshika bisibisi natafuta hitilafu. Hapo nikakumbuka ulichoniambia ulipopata nafuu: "Ziba masikio. Sauti ya kweli itapungua, hizi hazipungui."

Nikaziba. Haikupungua.

Nilifunga karakana nikaenda hospitali mchana uleule. Daktari anasema wengi hufika wameshapoteza kazi na watu wao. Mimi nimewahi, na dawa zinanikubali. Tatizo ni usingizi tu: kinyozi amenikuta nimeilalia redio yake. Asante sana, dada. Wewe ulipita huko peke yako, watu wakikucheka, na bado ukarudi kunieleza kulivyo. Bila wewe ningekuwa hadi leo nabomoa redio za watu.

Mama hajui. Naogopa, kwa sababu nikimwambia peke yangu atalia na kuanza upya kujilaumu. Naomba uje. Maneno ya daktari nitayasema mimi. Wewe kaa tu mbele yake, akuone ulivyo.

Msalimie sana shemeji. Mwambie nakuazima kwa siku chache tu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Redio