Waya Uliopitishwa Mfongoni

Mwaka umeshazunguka, Eliezeri, tangu ulipotoka hapa nyumbani Shirimatunda na taa zako begani, siku ya pili baada ya Krismasi, ukamwambia mama yako akuwekee machalari, ndizi zake za nyama, kwa kuwa utarudi na njaa. Machalari yalichacha kwenye sufuria. Hakuna aliyepata mkono wa kuyamwaga mpaka jirani alipoingia jikoni akayatoa mwenyewe.

Tunakuandikia wewe, lakini wasome na wengine. Wasome hasa wenye kipaimara, wenye harusi, na wale wanaopanda mlimani kila Desemba kula sikukuu na kutaka picha za ukoo.

Picha iliyowekwa hapa juu ni ile ya kitambulisho chako. Utusamehe. Umewapiga watu picha mtaa mzima, wewe mwenyewe hukuwa na picha ya maana, maana kila mara ulikuwa nyuma ya kamera. Kwenye hii umekodoa macho kama mtu aliyeshtuliwa, na mwanga umekupiga usoni bapa, jambo ambalo ungelikataa. Ndiyo tuliyonayo.

Ulikuwa mpole. Uliwaamkia wakubwa, uliwaamkia wadogo, na baba yako anasema uliwaamkia hata ng'ombe kabla ya kukamua. Akikukosa zizini alijua pa kukutafutia: umelala kifudifudi sebuleni, unaangalia kivuli cha stuli kinaangukia wapi.

Ulianza na dirisha tu. Kabla hujapata taa hata moja ulisukuma makochi ukutani, ukamkalisha mama yako pembeni mwa dirisha, nyuma yake ukatundika shuka jeupe. Upande wa pili Eunike mdogo wako alishika ubao wa boksi la mafuta ya kupikia uliobandikwa karatasi ya kung'aa, ili mwanga wa dirishani ugonge pale urudi usoni.

"Mae, usikunje uso."

"Uso wangu ndio huu. Shuka langu la kitandani liko wapi?"

"Liko nyuma yako, linafanya kazi."

"Na mimi usiku nitajifunika picha?"

Eunike alicheka mpaka ubao ukamtoka mkononi. Ile picha iko ukutani mpaka leo. Mama yako amekunja uso, na bado ni picha nzuri kuliko alivyo.

Taa zilipokuja, moja moja, sebule yetu iligeuka studio. Wageni walikaa barazani. Mama yako, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akimenya ndizi anasikia unavyomfundisha Eunike, na mengi yamemkaa kichwani. Taa kubwa ikae pembeni, juu kidogo ya macho, iinamishwe kama mtu anayemtazama mtoto. Ndogo ikae upande wa pili, iwe hafifu. Kazi yake ni kulainisha kivuli, si kukifuta, maana uso usio na kivuli ni kama sahani. Ya tatu ikae nyuma, iguse nywele na bega, mtu asimezwe na kitambaa. Stendi iwekewe mfuko wa mchanga mguuni. Waya upite kando ya ukuta, ubandikwe sakafuni kwa utepe, hata kuku akiingia asijikwae. Na mtu akitaka kugusa taa yoyote, aende kwanza ukutani, azime, achomoe, ndipo aguse.

"Hata kama nasogeza kidogo tu?" Eunike alikuuliza.

"Umeme haujui kidogo."

Ndiyo maana uchungu wetu hauna pa kutulia. Ulijua. Uliyajua yote, ukayafundisha, ukaenda kufa kwa kosa ambalo ungemgombeza mdogo wako akilifanya.

Wazee wa mtaa wanakukumbuka. Ulikuwa ukiwaita mmoja mmoja, unawakalisha, unawarekebishia kola, unawapiga picha bila kuwadai. Uliwaambia ni ya kuweka sebuleni. Mzee wetu Meku Fabian akakujibu, "Kijana, sema tu ni ya kuweka juu ya jeneza, mimi sikasiriki." Meku Fabian yuko hai, anatembea na mkongojo wake, na anapita njia ya kule nyuma ili asionane na mama yako.

Sasa ile siku.

Ilikuwa huko juu Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, cha watu wenye uwezo. Mwenye mji tunamjua, na yeye anajijua. Jina lake haliandikwi hapa kwa sababu baba yako amekataa. Maisha yake yote ya kazi yako Dar, na alikuwa amepanda na wana, wakwe na wajukuu. Eunike alikuwa nawe kushika vifaa, na haya ni maneno yake, maana mama yako hajachoka kumwuliza.

Ulipanga vizuri. Uliwaweka watu barazani, mwanga wa mawingu ukiwajia mbele, taa moja tu pembeni ya nguzo, na waya mfupi kutoka soketi ya ndani. Mwenye mji akatoka, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Kijana, picha za barazani ni za kuombea pasi. Mimi nataka tupige na baba."

"Shikamoo mzee. Baba yuko ndani?"

"Baba yuko kule." Akaonyesha kaburi katikati ya migomba, limewekewa vigae vipya. Wakwe wakacheka.

"Mzee, kule chini ya migomba kuna giza, na ukungu unashuka."

"Si ndiyo maana una mataa? Au umeyabeba kwa maonyesho?"

"Waya haufiki, mzee."

"Waya huwa unaungwa. Wewe ni fundi wa namna gani?"

Hapo ukainama ukachukua waya wa pili. Huku kwetu kijana humwambia mzee mara moja, akijitahidi mara mbili, ya tatu ni utovu wa adabu. Nyumba nzuri ilikulea, na nyumba hiyo haijutii. Lakini wazazi wenzetu, waambieni watoto wenu: umeme hauitikii shikamoo. Mbele ya umeme mtoto na akatae, hata mzee akinuna mpaka Pasaka.

Ukaunga ekstensheni kwa ekstensheni. Kiungo ukakiviringisha mfuko wa nailoni, na kwa kuwa watoto walikuwa wanakimbizana kila upande, ukakilaza mahali ambapo hawangekanyaga: ndani ya mfongo, ule mfereji wa kuleta maji ya mlima kwenye migomba, uliokatiza kati ya nyumba na kaburi. Ulikuwa mkavu, umejaa majani. Hata hivyo uliuliza. Eunike anaapa kwamba uliuliza.

"Mzee, huu mfongo hupitisha maji?"

"Huo? Umekufa zamani. Siku hizi tuna bomba."

Ulimwuliza mwenye mji, ungemwuliza nani mwingine? Lakini mwenye mji yule alijua bomba la jikoni. Zamu ya maji ya kihamba cha baba yake hakuijua. Mifongo ya kule ina zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila anayeishi pale anazijua zamu hizo kama anavyojua siku ya gulio. Na aliyekuwa anaishi pale ni mjane wa ndugu yake, Mama Mektrida, anayelisha ng'ombe, anayepalilia migomba, anayefagia lile kaburi. Yeye alikuwa jikoni kwenye moshi, anawapikia wageni. Hakuna aliyemwita kwenye picha ya ukoo.

Zamu yao ilikuwa siku ile ile. Mtu wa zamu huko juu akafungua maji kama kawaida yake. Yeye hatuna neno naye.

Ukasimamisha taa kuzunguka kaburi. Eunike anasema palipendeza, ukungu ulishika mwanga kama pazia. Uliwapanga watu, warefu nyuma, watoto wakachuchumaa mbele, mwenye mji katikati, ukamwita babu kama wajukuu wake.

"Babu, inua kidevu kidogo."

"Nikiinua sana nitaonekana nina deni na Mungu."

"Basi kidogo tu, babu, hilo deni tulifiche."

Wakacheka wote, nawe ukawapata wakicheka. Ulikuwa na kipaji hicho.

Eunike ndiye aliyeyaona. Maji yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu ya mgomba mbele yake. Akasema, "Kaka, maji." Soketi ilikuwa mbali, ndani ya nyumba. Watoto walikuwa karibu, na wawili walishaanza kuyakimbilia wayachezee. Ukawafokea warudi. Kisha ukainama ukakinyakua kile kiungo ukitoe majini. Umeme wa nyumba ile haukujikata kama unavyotakiwa kujikata.

Hukufika hospitali.

Msibani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Mama yako anawajibu leo: Mungu hakuunga ule waya. Wengine walisema umekufa shujaa, umeokoa watoto wa watu. Ni kweli watoto wale wako wazima, na tunawaombea wakue. Lakini mama yako hakuomba shujaa. Aliomba mtoto wa kurudi na njaa.

Mama Mektrida alikuja matanga kwa miguu, akakaa mkekani karibu na mama yako kuanzia asubuhi. Wakati wa kuondoka ndipo alipofungua mdomo. "Mama Eliezeri, wangeniuliza." Akajifunga kanga yake akaenda. Katika maneno yote yaliyosemwa kwenye msiba wako, hayo peke yake ndiyo yaliyoingia.

Mwenye mji hakufika. Alituma shada la maua na kijana wa kulibeba. Maua hayajanyauka, simu ikamlilia Eunike.

"Pole sana binti. Mapenzi ya Mungu. Sasa, zile picha zetu zitakuwa tayari lini? Watoto wanarudi Dar."

Mama yako alitaka kuitupa kamera chooni. Eunike akaishika kwa mikono miwili. "Mama, ni kazi ya kaka. Kazi yake ya mwisho isiozee ndani." Akazitengeneza, akazituma, na hatujasikia hata asante.

Kabla hazijatumwa mama yako aliiomba ile ya mwisho aione. Ni picha nzuri, Eliezeri, hatuwezi kusema uongo. Kila uso unaonekana, hakuna aliyemezwa na giza, vigae vinang'aa. Pembeni chini, karibu na kiatu cha mkwe mmoja, kuna kitu kama kipande cha kioo. Ni maji. Yalishafika. Ukoo mzima unaangalia kamera wanacheka, na wewe jicho lako liko kwenye nyuso zao.

Sasa Desemba imerudi, na hili ndilo linalomnyima mama yako usingizi. Simu zinamlilia Eunike. Amechukua kazi yako. Mama yako alipoona amezitoa taa uvunguni anazifuta vumbi, alichukua panga akazikata ekstensheni zote vipande vipande pale uani, kuku wakakimbia.

Eunike alisimama mlangoni akamwangalia mpaka akamaliza.

"Umechoka, mama? Nikuletee maji?"

"Sitaki maji. Nataka ukae nyumbani."

"Nikae nifanye nini? Nimenunua nyingine, nzima, haina kiungo. Na ukiikata hiyo nitanunua nyingine."

"Utanizika."

"Mama, nikiacha, hawa watu watamwita nani? Watamwita mtoto wa mwingine asiyejua hata kuuliza. Bora niende mimi ninayejua kukataa."

"Kaka yako pia alijua."

"Kaka alijua kuuliza. Mimi nitakataa."

Baba yako, ambaye tangu siku ile maneno yake yanahesabika, alisema kutoka zizini, "Mwache aende, Elinipendo. Au nenda naye."

Basi tunatangaza hivi. Atakayemwita Eunike kupiga picha, nyumbani kwake au kihambani, ajue amewaita wawili. Mama atafika mapema. Hatakula, hatakaa na wageni. Atauliza ni nani anayelala katika mji huo mwaka mzima, anayekamua na kupalilia, na mtu huyo aitwe hata kama ana masizi mikononi. Mama ataufuata waya kwa miguu yake mwanzo hadi mwisho, kisha ataweka stuli karibu na soketi, akae hapo na mkono kwenye swichi mpaka picha ya mwisho. Mzee atakayesema waya huwa unaungwa, taa zitazimwa, na Eunike atafungasha. Tayari watu wanamwita Mama Swichi. Wamwite. Mmoja alimwambia kanisani kwamba anamharibia binti yake soko. Amejibu kwamba soko likiharibika hutengenezwa.

Jumamosi hii wana kazi ya kipaimara huko Uru. Mama yako amefua kanga ya kwenda nayo. Anaogopa, Eliezeri. Lakini atakuwepo pale ambapo hakuna aliyekuwepo kwa ajili yako.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumapili usharikani, na baada yake chai nyumbani Shirimatunda. Wote mnakaribishwa. Mama Mektrida amekwisha kuahidi kuja, na safari hii atakaa mbele.

Unakumbukwa na baba yako Eliudi, mama yako Elinipendo, mdogo wako Eunike, shangazi yako Stella wa Mkuu Rombo, binamu zako Jesse na Loveness, majirani, na wazee wote uliowarekebishia kola.

Wanasema mwaka ukipita mtu huzoea. Hatujazoea, wala hatujaribu. Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa, mwanetu.