Mkahawa wa Kuvua Viatu

Alhamisi, 6 Machi

Dada bado yuko kwetu. Mdomo umepungua uvimbe, sasa anakunywa chai bila mrija. Baba ameamua: Jumamosi twende kula sote, na Shemeji awepo. Wakishakula pamoja yataisha, Dada arudi kwa mumewe. Amechagua mkahawa wa Kijapani, ule wa ghali. Anasema mtu mwenye hadhi ya Shemeji hawezi kuleta fujo mahali kama pale. Ati pia ni sherehe yangu ya kumaliza shule! Nilitaka kusema kitu. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimuuliza Dada kama anataka kurudi. Akasema safari hii akirudi atatoka amebebwa. Alisema hivyo huku anakunja mashati ya Baba.

Jumamosi, 8 Machi

Sikio bado linavuma. Naandika hivyo hivyo.

Kumbe pale mnavua viatu mlangoni! Baba hakujua. Hakuna aliyejua. Mhudumu akainama, akatuonyesha rafu. Dada akasita. Shemeji akacheka:

"Vua basi, mama. Au una kwato?"

Dada akavua. Mguu wa kulia hauna kucha. Kidole gumba cheusi, kimepasuka. Mama akauliza ni nini. Dada akajibu taratibu: nyundo. Mama akashika ukuta. Baba aliangalia soksi yake iliyotoboka, akasema tuingie, chakula kitapoa. Chakula chenyewe kibichi!

Meza fupi, tumekaa sakafuni. Vipande vya samaki vidogo kama vya kulisha mdoli. Baba akatania kwamba samaki huyu hajaambiwa bado kuwa amekufa. Shemeji peke yake ndiye aliyecheka. Kisha akanigeukia:

"Na wewe bubu, darasani wakiita majina ulikuwa unaitikaje?"

Vijiti vikaniponyoka, nikaviinamia. Chini ya meza kisigino cha Shemeji kilikuwa juu ya kidole cha Dada. Kinasaga. Nikainuka — Dada anatabasamu, machozi yanadondokea kwenye wali.

Nikasema. Kwa sauti!

"Baba, anamkanyaga kidonda!"

Kofi la Shemeji likanipata sikioni, nikaangukia mabakuli. Dada akamrukia, akamng'ata mkono. Shemeji akamshika nywele, akambamiza uso mezani. Akamwinua, akambamiza tena. Wali mwekundu. Ndipo Mama, Mama yangu mpole, akanyanyua birika la chuma na kumpasua nalo Shemeji kichwa. Chai ya moto, mayowe, wapishi wametoka na visu vyao. Na Baba amesimama katikati, kidole nje ya soksi, anawaomba watu radhi. Baba hakumgusa Shemeji. Hata kumsukuma!

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi. Yuko mlangoni, bandeji kichwani, anapiga mateke.

"Mzee! Nipe mke wangu!"

Niko chumbani na Dada. Pua imevunjika, anapumua kwa mdomo. Kwa upenyo wa mlango nawaona wazazi sebuleni. Mama ameshika mchi. Anamwambia Baba polepole: baba watoto, ukifungua, leo tunazika. Sijui ana maana ya kumzika nani.

Teke. Bawaba ya juu imeng'oka.

Baba anajibu kwa ule upole wake wa siku zote: subiri kidogo, mkwe wangu, bado natafuta ufunguo.

Anao mkononi. Ameufumbata.

Teke —